Bunduki ya Nyumbani Nyanda za Juu Kusini: Leseni, Kutu na Namba Isiyosomeka

Kila tangazo la uhakiki wa silaha linapotoka, maswali yanayosikika kuanzia Tukuyu hadi Mafinga huwa yaleyale. Leseni yangu imekwisha muda, nikienda kituoni si nitawekwa ndani? Bunduki ni ya marehemu baba na jina kwenye karatasi ni lake, je, wataichukua moja kwa moja? Namba imeliwa na kutu, sasa nifanyeje? Maswali mawili ya kwanza huzungumzwa sana vijiweni. La tatu huachwa nyuma, ilhali kwa ukanda wenye mvua na ukungu kama huu wetu ndilo lililostahili kutangulia.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Serikali haiitambui bunduki yako kwa sura yake wala kwa umri wake. Inaitambua kwa namba iliyogongwa kwenye chuma, ambayo lazima ilingane na namba iliyo kwenye leseni na ile iliyo kwenye daftari la Msajili wa silaha. Namba hiyo ikifa, bunduki iliyonunuliwa kihalali na kulipiwa ada miaka yote inabaki chuma kisicho na mwenyewe. Askari aliye kaunta hana jinsi ya kujua kama namba imeliwa na unyevu wa Rungwe au imepigwa tupa na mtu aliyeiba. Kufuta au kubadili namba ya silaha ni kosa la jinai, na ukifika na bunduki yenye kovu mahali pa namba, maelezo yote yanakuwa juu yako. Ndiyo maana utunzaji wa bunduki na utii wa sheria haviwezi kuzungumzwa mbalimbali.

Malalamiko ya wamiliki, na yapi yana msingi

Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Nyuma yake kuna mikataba ambayo Tanzania imo: Itifaki ya SADC (jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika) kuhusu silaha ya mwaka 2001 na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayozihusu nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Mikataba hii inadai kila silaha iwe na alama yake, iandikwe kwenye kumbukumbu za nchi, na iweze kufuatiliwa hadi kwa mmiliki. Mtu anayelalamika kwamba "siku hizi wanataka namba tu" anapaswa kujua madai hayo hayakuzuka kwa mkuu wa kituo chake.

Lalamiko kubwa zaidi ni urefu wa safari ya maombi. Mwombaji anaanzia kijijini au mtaani, anapita kata, anafika wilayani ambako Kamati ya Ulinzi na Usalama chini ya Mkuu wa Wilaya inamjadili, kisha mkoa, ndipo faili liende kwa Msajili. Kwa mkulima wa Ludewa au Makete, kila hatua ni nauli na siku ya shamba iliyopotea. Lalamiko hili ni la haki kabisa, na wanaolitoa hawapaswi kuitwa wabishi. Lakini hatua ya kwanza, ile ya kijiji, ina maana yake. Mtendaji na mwenyekiti ndio wanaojua kama mwombaji ana ugomvi wa mpaka na jirani, kama akinywa hubadilika, kama mkewe amewahi kulala kwa wazazi kwa kuogopa kipigo. Habari hizo huwezi kuzipata kwenye daftari lolote la Dodoma. Kinachopaswa kupunguzwa ni muda ambao faili linalala mezani kati ya ngazi moja na nyingine, siyo yale maswali ya kijijini.

Kuna jambo la Nyanda za Juu Kusini ambalo wengi hawalifikirii. Njombe ilitengwa na Iringa ikawa mkoa mwaka 2012, na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Leseni ya zamani ya mtu wa Makete au Ludewa inaweza kuandikwa Mkoa wa Iringa, na ya mtu wa Mbozi au Ileje ikaandikwa Mkoa wa Mbeya. Mwenye karatasi kama hiyo aende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya akaulize kama kumbukumbu zake zimehamia mkoa wa sasa, na asisubiri kuulizwa yeye. Mwaka 2016, mwaka uleule Songwe ilipozaliwa, kulifanyika uhakiki wa silaha nchi nzima. Kama ulihakikiwa wakati huo, hati uliyopewa ihifadhi pamoja na leseni, na nakala zake zikae nyumba nyingine.

Kuhusu leseni iliyokwisha muda: kujipeleka mwenyewe na kukamatwa nayo ni mambo mawili tofauti sana. Anayekwenda mwenyewe ana karatasi za zamani, ana stakabadhi za ada, ana bunduki inayosomeka namba, na kumbukumbu zake zipo. Anayekutwa nayo njiani ana silaha isiyo na leseni hai, basi. Usiibebe bunduki hadi kaunta bila taarifa. Nenda kwanza na karatasi, eleza, uambiwe silaha iletwe lini na kwa namna gani. Unapoileta iwe tupu, imefunguliwa au imo kwenye mfuko wake, na risasi zikiwa mbali nayo.

Na lipo hili la nguruwe pori. Mwenye shamba la mahindi au viazi Mufindi na Njombe anaamini leseni ya bunduki inamruhusu kuua kinachokula shamba lake. Leseni ya silaha ni ya kumiliki silaha. Kuwinda kuna kibali chake chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mnyama aliyeuawa mtu akijihami au akilinda mali yake ni nyara ya Serikali. Taarifa itolewe kwa ofisi ya wanyamapori au kijiji mara moja, na nyama isiguswe. Watu wema wameingia matatani kwa sababu ya kitoweo.

Kutu ya huku si kama ya kwingine

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mufindi kwenye mashamba ya chai ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Njombe na Kitulo mwezi Juni na Julai huwa na baridi ya kuganda. Kila hali kati ya hizi hushambulia chuma kwa namna yake.

Inayodanganya kuliko zote ni baridi. Bunduki iliyolala kwenye ghala la baridi, ukiiingiza jikoni penye moto na sufuria inayochemka, inalowa papo hapo. Mvuke wa jikoni ukigusa chuma baridi unageuka maji, nje ya mtutu unayaona, ndani ya mtutu na ndani ya mitambo huyaoni. Mwenye bunduki anafuta nje, anairudisha, na baada ya wiki mbili ndani kumekuwa na rangi ya chungwa. Dawa ni kuiacha ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka chuma kipate joto la chumba, kama saa moja hivi, kisha kuitoa na kupitisha kitambaa nje na ndani.

Mfuko wenyewe usiwe makazi ya kudumu. Mfuko wa ngozi au wenye sponji ndani hufyonza unyevu na kuushikilia ukutani mwa chuma miezi kadhaa. Ni wa kusafiria tu. Nyumbani bunduki ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni kwa nati, mbali na ukuta wa nje unaotoa jasho wakati wa masika. Zile pakiti ndogo za kufyonza unyevu zinazokuja na maboksi ya viatu zinasaidia, mradi ziwe kadhaa na zikaushwe karibu na joto mara kwa mara, maana zikishiba hazina kazi tena. Darini juu ya jiko si mahali pa silaha: moshi wa kuni una asidi, na ukichanganyika na unyevu unakula chuma haraka kuliko mvua.

Kwa watu wa Usangu, kule Mbarali, adui ni vumbi. Ushauri wa mafuta mengi unaofaa Rungwe unaharibu huku chini. Vumbi likinata kwenye mafuta linakuwa msasa ndani ya mitambo. Mbarali pakaa kidogo, futa sana.

Mafuta gani? Mafuta ya cherehani yanatosha kwa matunzo ya kawaida, nayo yapo kila duka la vifaa. Mafuta ya taa huondoa uchafu vizuri lakini hukauka na kuuacha mtutu uchi, kwa hiyo lazima yafuatiwe na mafuta ya kulinda. Mafuta ya kupikia huganda kuwa gundi ndani ya wiki chache, na hapo pini ya kugonga hukwama au hugonga kwa unyonge. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipenda kwa sababu ni ya bure, imejaa asidi na unga wa chuma. Usiipake kabisa.

Kusafisha shotigani ya kuvunja katikati

Kazi huanza kwa kuhakikisha ni tupu. Vunja bunduki, yaani ikunje katikati ifunguke, toa risasi, angalia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa) kwa macho, kisha ingiza kidole. Risasi zote zipelekwe chumba kingine kabla hujafungua kopo la mafuta. Hatua hii haina mzoefu.

Angalia mtutu ukielekea dirishani. Hapa kwetu nyigu wa udongo hujenga ndani ya mitutu, na kiota chake kinaweza kujaa ndani ya siku chache tu msimu wa kiangazi. Risasi ikikutana na udongo huo, gesi inakosa pa kupita na mtutu hupasuka au huvimba pete. Usijaribu kukitoa kiota kwa kufyatua. Sukuma kwa ufito wa mbao au wa shaba kutokea upande wa chemba.

Ondoa ubao wa mbele, ule ulio chini ya mtutu, tenganisha mtutu na kitako. Lowesha kitambaa cha flaneli kwa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia, pitisha mara moja, subiri dakika 10 ili masizi na mabaki ya plastiki ya risasi yalainike. Kisha burashi ya shaba, daima kutokea chembani kwenda mdomoni, mara 10 hivi kwa kila mtutu, na usiigeuze burashi ikiwa katikati. Ukiingilia mdomoni, ufito unasugua ukingo wa mdomo, mahali ambapo kosa dogo huharibu ulengaji. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kilivyoingia. Malizia na kitambaa kilichopakwa matone mawili ya mafuta, si zaidi.

Chemba isafishwe kwa bidii kuliko sehemu nyingine. Hapo ndipo ganda hukaa, na vishimo vya kutu vikianza hapo maganda hunasa baada ya kufyatua. Mtu aliyezoea kuyachokonoa maganda kwa kisu anadhani kidude cha kuchomolea kimechoka, kumbe ukuta wa chemba umekwaruzika.

Mitambo iliyo ndani ya kitako usiifungue. Tone moja kwenye pini ya bawaba, kiasi cha punje ya mtama ya grisi mahali vyuma viwili vinaposuguana, na tone dogo kwenye tundu la pini ya kugonga. Mafuta yakizidi yanatiririka kwenye mbao ya kitako, yanaifanya laini na nyeusi, na baada ya miaka mbao hupasuka nyuma ya chuma. Kwa sababu hiyo bunduki iliyotoka kupakwa mafuta isimamishwe usiku wa kwanza mdomo chini, juu ya kitambaa.

Sasa namba. Kwenye shotigani nyingi iko chini ya mtutu karibu na chemba, na tena kwenye chuma cha mitambo, mara nyingine sehemu zinazofichwa na ubao wa mbele. Ukiona ukungu wa kutu, usiguse stilwaya ya masufuria wala msasa. Vinasawazisha chuma na kuondoa kile unachotaka kukiokoa. Pakaa mafuta, acha usiku kucha, sugua asubuhi kwa mswaki wa zamani na kitambaa. Kutu nyepesi itatoka na tarakimu zitabaki. Piga picha ya namba hiyo kwa simu, taa ikimulika kutoka ubavuni ili kivuli kiijaze kila tarakimu, na uihifadhi pamoja na picha ya leseni. Namba ikiwa imeanza kufifia kweli, toa taarifa polisi ingali inasomeka nusu. Usimpe fundi wa kuchomelea airudishie kwa patasi, kwa sababu hapo utakuwa umefanya kosa lenyewe.

Utaratibu huu ufanyike kila baada ya kutumia, na wakati wa mvua, Novemba hadi Mei, kila wiki mbili hata kama bunduki haijatoka kabatini. Alama za vidole zina chumvi, kwa hiyo kila mtu anapoishika, hata akiwa ni askari anayekagua, ifutwe kabla ya kurudi.

Kwa mwenye gobore lenye leseni, kanuni inabadilika. Baruti nyeusi huacha mabaki yanayonyonya unyevu wa hewa, na mafuta hayayayeyushi. Gobore lililofyatuliwa jioni na kupakwa mafuta bila kuoshwa huamka na kutu. Osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, suuza kwa maji ya moto tena, kausha kabisa, toboa kwa waya chuchu ya fataki (kitundu kinachopitisha cheche ya kuwasha baruti), ndipo upake mafuta. Raifo za zamani zinazotumia risasi za kijeshi za miaka ya nyuma zina tatizo linalofanana: fataki zake huacha chumvi ambayo ni maji tu yanayoiondoa. Na gobore lililotengenezwa na mhunzi bila usajili ni silaha haramu. Usafi hauwezi kulihalalisha.

Yanayopasua mitutu

Kuna kosa moja ambalo kila nyumba yenye shotigani inapaswa kulijua hata na wasioigusa. Namba hapa ni kipimo cha unene wa risasi, si namba ya usajili: risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ikitumbukizwa kwa bahati mbaya kwenye chemba ya namba 12, haidondoki nje wala haibaki chembani. Inateleza na kukwama mbele kidogo ndani ya mtutu. Mwenye bunduki akivuta, haifyatuki, akifungua anaona chemba tupu, anaweka ya namba 12, anafyatua. Mtutu unapasuka pale mkono wa kushoto unapoishika. Kwa sababu hiyo watengenezaji huzipaka za namba 20 rangi ya njano. Usichanganye namba mbili kwenye mfuko mmoja wa koti, na usipokee risasi za jirani.

La pili ni urefu wa risasi. Chemba nyingi ni za milimita 70, baadhi ya bunduki kuukuu ni za 65, na nyingine mpya ni za 76. Kipimo kimeandikwa kwenye mtutu. Risasi ya 76 itaingia kwenye chemba ya 70 bila shida, na hapo ndipo udanganyifu ulipo, kwa kuwa urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limefunguka baada ya kufyatuliwa. Mdomo wa ganda ukifunguka kwenye njia nyembamba, msukumo unapanda kupita uwezo wa chuma.

Ukifyatua ukasikia mlio mnyonge, simama. Huenda kiziba, kile kinachokaa kati ya baruti na gololi za risasi, kimebaki ndani ya mtutu. Ukivuta kifyatulio bila mlio wowote, shikilia bunduki ikielekea salama kwa nusu dakika au zaidi kabla ya kuifungua, kwa sababu baruti iliyopata unyevu inaweza kuchelewa kuwaka. Risasi zenyewe zisipakwe mafuta: hupenya kwenye fataki na kuiua. Zilizovimba, zenye kutu ya kijani kwenye shaba, au zilizolowa zipelekwe polisi. Zisitupwe chooni wala kwenye moto.

Jaribio la kujua kama bunduki imechoka: ikiwa tupu na ubao wa mbele umeondolewa, ifunge, shika kitako na utikise. Ukisikia mtutu unacheza, au ukiona mwanga kati ya mtutu na chuma cha mitambo, usiitumie. Matengenezo ya aina hiyo ni ya fundi silaha mwenye leseni, kama ilivyo kwa kufupisha mtutu, kubadili pini au kurekebisha kifyatulio. Fundi baiskeli anaweza kuwa na mikono mizuri sana, lakini hana kibali, na bunduki ikikutwa karakanani kwake mnahojiwa wote wawili.

Bunduki ya marehemu

Silaha hairithiwi kama jembe au ng'ombe. Leseni ni ya mtu, naye akifariki silaha inapaswa kukabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka aombe kwa jina lake kuanzia kijijini. Kikao cha ukoo kinaweza kumteua, na muhtasari wake pamoja na cheti cha kifo huambatanishwa kwenye maombi, lakini kikao hakimpi umiliki. Familia nyingi huchelewa kwa sababu ya msiba, kisha kwa aibu ya kuchelewa, kisha kwa woga, mpaka miaka inapita. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha bila kushtakiwa, kikitangazwa, kitumieni.

Mkiikuta darini au chini ya uvungu baada ya miaka, msiishushe. Haijulikani kama ina risasi, na kutu inaweza kuwa imeishika nyundo ikiwa imekokwa. Watoto watoke nyumbani, mlango ufungwe, apigiwe mwenyekiti wa kijiji naye awaite polisi waje kuichukua pale ilipo. Mwombeni askari mwandike pamoja namba, aina na hali yake kabla haijaondoka, na mdai hati ya makabidhiano yenye sahihi na muhuri, kwa maana ndiyo karatasi atakayoianzia mrithi.